Bei ya Hisa Siyo Bei ya Kampuni



Mwezi uliopita katika mkutano wa tawi letu ndugu mmoja wa karakana alisimama akatoa habari iliyowafurahisha watu wengi. Alisema iko kampuni ya kusambaza vifaa vya viwandani, yaani ile inayouza beringi, mikanda ya mashine, bolti, vali, mabomba na vyuma vya kulehemu, na hisa zake zauzwa kwa shilingi chache tu. Kampuni nyingine ya kazi hiyo hiyo, akasema, hisa yake moja ni mara tano ya bei hiyo. "Basi mwenye akili atanunua wapi?" akauliza, na watu wakapiga makofi. Kabla mkutano haujafungwa, wengi walikuwa wamekwisha kuandikisha majina yao ili wachange fedha.

Miongoni mwa walioandikisha majina wako wazee ambao wamebakiza mwaka mmoja au miwili wastaafu. Fedha wanazotaka kuchanga ni kiinua mgongo chao, jasho la miaka 30 ya kuamka usiku na kulala stesheni za mbali. Fedha hizo zikipotea, hakuna zamu nyingine ya kuzitafuta tena. Ndiyo sababu naandika tahariri hii. Sipendi kumwaibisha ndugu yetu, maana alisema kwa nia njema. Lakini swali lake lilikuwa na kosa ndani yake, na kosa hilo latupata hata mezani tunapojadiliana na waajiri juu ya mishahara. Hivyo yafaa tulitazame vizuri. Jina la kampuni sitalitaja, na hesabu zangu zitakuwa za mfano tu.

Kosa ni hili: kudhani kwamba bei ya hisa moja ndiyo inayoonyesha kampuni ni rahisi au ni ghali.

Tuanze na nyumba, maana kila mtu anaijua nyumba. Mtu anakuuzia nyumba yake kwa shilingi 400,000. Wafurahi. Kisha unaambiwa kwamba nyumba hiyo imewekwa rehani benki kwa shilingi 900,000, na deni hilo litabaki juu ya nyumba hata ukiisha kuinunua. Je, umenunua nyumba kwa 400,000? La, nyumba imekugharimu 1,300,000. Na kama muuzaji ameacha ndani ya kabati shilingi 100,000 ziwe zako, basi gharama yako ya kweli ni 1,200,000. Hesabu ni hiyo tu: ulichomlipa mwenyewe, ongeza deni lililobaki, toa fedha ulizozikuta.

Kampuni nayo hupimwa vivyo hivyo. Wataalamu wa fedha wana kipimo chao, nasi tutakiita thamani ya kampuni nzima. Kwanza chukua bei ya hisa moja, uizidishe kwa idadi ya hisa zote. Halafu ongeza madeni yote yenye riba. Ongeza na haki za watu wengine wanaotangulia, kama wenye hisa za upendeleo, na sehemu ya wageni wanaomiliki kipande cha kampuni ndogo zilizo chini ya kampuni hiyo. Mwisho toa fedha taslimu ambazo kampuni inazo na haizihitaji kwa kazi ya kila siku. Jumla inayobaki ndiyo bei ya biashara yote, iwe imejengwa kwa fedha za wenye hisa au kwa fedha za kukopa.

Sisi wa reli tunalo jambo linalofanana na hili. Ubavuni mwa kila behewa umeandikwa uzito wake likiwa tupu. Hakuna dereva anayepewa gari moshi akahesabu uzito wa mzigo tu na kusahau mabehewa, kwa sababu injini huvuta vyote pamoja, na mlimani ndipo kosa lake litakapoonekana. Basi aliyehesabu bei ya hisa akasahau deni amepima mzigo akaacha behewa.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme Kampuni ya Kwanza ina hisa milioni 100, na hisa moja ni shilingi 4. Hisa zote ni shilingi milioni 400. Ina deni la benki la milioni 900. Imepanga maghala na malori kwa mikataba ya miaka mingi, na mikataba hiyo ni deni la milioni 200. Fedha taslimu ni milioni 100. Thamani ya kampuni nzima ni 400 na 900 na 200, toa 100, yaani shilingi milioni 1,400.

Kampuni ya Pili ina hisa milioni 50, na hisa moja ni shilingi 20. Hisa zote ni milioni 1,000. Deni la benki ni milioni 150, deni la pango ni milioni 50, na fedha taslimu ni milioni 200. Thamani ya kampuni nzima ni milioni 1,000.

Mmeona? Ile ya shilingi 4 ndiyo yenye bei kubwa. Lakini tusiishie hapo, maana kitu kikubwa chaweza kuwa na bei kubwa kwa haki. Hatuna budi kuuliza kila moja yaleta nini. Tutazame faida ya kazi, yaani ile inayopatikana kabla ya kulipa riba, kodi ya serikali na kuhesabu uchakavu wa mali. Kwa kuwa tumeweka pango katika madeni, faida hii nayo ihesabiwe kabla ya kulipa pango. Ukiweka pango upande mmoja ukaliacha upande wa pili, mizani yako ni ya uongo. Tuseme Kampuni ya Kwanza yapata faida hiyo milioni 140 kwa mwaka, na ya Pili milioni 200. Basi mnunuzi wa ya Kwanza analipa mara 10 ya faida ya mwaka, na mnunuzi wa ya Pili analipa mara 5. Hisa iliyoitwa rahisi ni ghali maradufu.

Tena liko jambo la kutisha zaidi. Tuseme biashara imekuwa mbaya, viwanda vimepunguza kazi, na thamani ya kila kampuni nzima imeanguka kwa sehemu moja katika tano. Kampuni ya Pili itashuka kutoka milioni 1,000 hadi 800. Kwa kuwa fedha zake zalingana na madeni yake, hasara hiyo itaangukia hisa zenyewe, nazo zitatoka shilingi 20 hadi 16. Ni hasara, lakini yavumilika. Kampuni ya Kwanza itashuka kutoka milioni 1,400 hadi 1,120. Madeni yake, ukiisha kutoa fedha taslimu, ni milioni 1,000, na madeni hayapungui kwa sababu biashara imekuwa mbaya. Wenye hisa watabakiwa na milioni 120. Hisa ya shilingi 4 itakuwa na thamani ya shilingi 1 na senti 20. Mzee aliyeweka shilingi 100,000 atabaki na 30,000. Ni kweli kwamba benki haitamfuata nyumbani kwake kudai deni la kampuni, lakini kampuni yenyewe hulipa benki kwanza, na mwenye hisa hungoja mwisho wa mstari. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa aliyekula harusi ni mwingine, nasi tunaalikwa matangani.

Labda mtu atasema haya ni maneno ya karatasi. Tazameni basi mambo yaliyotokea kweli huko Marekani. Home Depot ni kampuni kubwa ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Ilikuwa na tawi lake liitwalo HD Supply, kazi yake kusambaza mabomba, nyaya za umeme, vifaa vya matengenezo na vinginevyo kwa wajenzi na makampuni. Mwaka wa 2007 Home Depot ilikubali kuliuza tawi hilo kwa dola bilioni 10.3. Wanunuzi walikuwa Bain Capital, Carlyle na Clayton, Dubilier & Rice, watu ambao kazi yao ni kununua makampuni na kuyauza tena. Kabla mapatano hayajatimia mabenki yakaanza kuogopa kukopesha, na mwezi wa Agosti mwaka huo bei ikateremshwa hadi dola bilioni 8.5. Na sehemu kubwa ya fedha hizo haikutoka mifukoni mwa wanunuzi. Ilikopwa, na deni likawekwa juu ya mabega ya HD Supply yenyewe.

Kisha ujenzi wa nyumba ukaanguka Marekani nzima. Kampuni iliendelea kuuza vifaa na kazi iliendelea kuingiza fedha, lakini riba ilikula. Katika mwaka wa hesabu wa 2012 riba peke yake ilizidi dola milioni 600, na hasara ya mwaka mzima ilizidi dola bilioni 1. Mwezi wa Juni 2013 hisa zake zilipouzwa kwa watu wote, wakubwa walitumaini bei ya dola 22 hadi 25; zikauzwa kwa dola 18, na fedha zilizopatikana zikaenda kupunguza deni. Aliyezidisha dola 18 kwa hisa zote aliona kampuni ya dola bilioni 3 na kitu. Lakini madeni yalikuwa zaidi ya bilioni 5. Asiyesoma upande wa madeni hakuona hata nusu ya kampuni.

Miaka iliyofuata waliuza matawi kulipa madeni. Mwaka wa 2015 waliuza tawi la vifaa vya umeme kwa kampuni ya Anixter kwa dola milioni 825. Mwaka wa 2017 waliuza tawi la mabomba ya maji kwa dola bilioni 2.5. Mwaka wa 2020 waliuza tawi la White Cap kwa dola bilioni 2.9. Halafu mwezi wa Novemba 2020 Home Depot ilirudi kununua kilichobaki, kwa dola 56 kila hisa, ikatangaza kwamba thamani ya kampuni nzima ni kadiri ya dola bilioni 8. Safari hii hesabu iligeuka: kwa kuwa HD Supply ilikuwa na fedha taslimu kupita madeni yake, malipo kwa wenye hisa yalizidi thamani ya kampuni nzima. Mnunuzi alizikuta fedha kabatini, kama katika mfano wetu wa nyumba. Tena asije mtu akasema kampuni ya bilioni 8.5 ilikuwa imeshuka kidogo tu hadi bilioni 8. Hazikuwa kampuni moja, maana katikati matawi makubwa matatu yalikuwa yameuzwa. Kila mara uliza: hesabu hii ni ya kitu gani, na imepimwa siku gani?

Sasa nije kwenye kampuni za kusambaza vifaa hasa, kwa maana zina mitego yake.

Mtego wa kwanza ni mali iliyo ghalani. Ndugu yetu alisema stoo za kampuni ile zimejaa mali, kwa hiyo mnunuzi anapata kampuni na mali juu yake. Hapana. Mali ile ndiyo chombo cha kazi. Kiwanda kinaponunua beringi kwa msambazaji badala ya kuagiza ng'ambo, kinalipa kwa sababu beringi ipo leo, mashine isisimame. Msambazaji asiye na mali rafuni hana biashara. Kwa hiyo faida tuliyohesabu imekwisha kutoka katika mali hiyo, nayo huwezi kuihesabu mara ya pili, kama usivyoweza kuuza mabehewa na kuendelea kubeba mizigo. Tena wengine wetu waliofanya kazi stoo wajua: si kila kitu kilicho rafuni kitauzwa. Viko vipuri vya mashine zilizokwisha kutupwa, navyo vyaandikwa kitabuni kwa bei ya zamani.

Mtego wa pili ni siku ya kufunga hesabu. Kampuni ya namna hii hukopa ili inunue mali, kisha huuza kwa mkopo, kisha hungoja wateja walipe. Deni lake hupanda na kushuka kila mwezi. Meneja mjanja huweza kuchelewesha malipo ya wauzaji mwezi wa mwisho, akahimiza wateja walipe, akaacha stoo ipungue, na siku ya kufunga hesabu deni la benki likaonekana dogo. Dawa yake ni kutazama riba iliyolipwa mwaka mzima. Kama deni lililoandikwa ni milioni 900 na riba ya benki ni asilimia 14, riba ya mwaka yapasa kuwa milioni 126. Ukikuta imelipwa milioni 180, jua kwamba kwa wastani deni la mwaka lilikuwa karibu milioni 1,285. Kitabu kimeonyesha siku moja; riba imehesabu siku zote.

Mtego wa tatu ni fedha taslimu. Si kila shilingi iliyo benki ni ya ziada. Kama kesho wauzaji wa mali wanadai milioni 80, milioni 100 zilizo benki leo ni kama 20 tu.

Mtego wa nne watuhusu sisi wafanyakazi zaidi kuliko wote. Mfuko wa pensheni ukiwa na upungufu ambao kampuni imeahidi kuujaza, hilo ni deni. Likizo zisizolipwa na malipo ya watu waliopunguzwa kazini ni deni. Mnunuzi mwenye akili huyahesabu hayo, akayatoa katika bei anayompa mwenye hisa. Basi kama mnunuzi anajua kuhesabu tunachodai, je, sisi wenyewe tusijue?

Hapa ndipo jambo hili linapotoka katika kununua hisa likaingia katika kazi ya chama. Mara nyingi kampuni ikiuzwa twaambiwa, "Kampuni yenyewe imeuzwa kwa bei ndogo, fedha za nyongeza zitatoka wapi?" Tukiijua hesabu hii tutauliza: bei hiyo ni ya hisa, au ni ya kampuni nzima? Mnunuzi ametoa kiasi gani chake, na amekopa kiasi gani? Deni hilo litalipwa na nani? Kwa maana kampuni iliyobebeshwa deni la kujinunua itatafuta fedha za riba mahali fulani, na mahali pa karibu ni mshahara wa mpakuzi na dereva.

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 57, yamtaka mwajiri akipe chama habari zote zinazohusika ili kiweze kujadiliana sawasawa. Na Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo, kifungu cha 40, yasema kwamba watu wakipunguzwa kwa sababu kazi imepungua, chama chao kipewe taarifa si chini ya mwezi mmoja mbele, na kila mtu alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza kazini. Haki hizi zimeandikwa. Lakini asiyejua aulize nini, hata sheria haimsaidii. Tukidai "habari" tu, tutapewa kijitabu chenye picha za wakubwa. Tukidai orodha ya madeni, tarehe za kuyalipa, mali zilizowekwa rehani na mikataba ya pango, watajua kwamba wanaongea na watu wanaohesabu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kampuni yenye deni ni mbaya daima, wala kwamba ile ya shilingi 20 itapanda kesho. Deni la kununua mali inayouzika haraka laweza kuwa deni jema, na bei ya sokoni hupanda na kushuka bila kutuuliza. Nasema tu kwamba bei ya hisa peke yake haijibu swali. Tulipokuwa shule ya misheni tulifundishwa habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, jinsi impasavyo kuketi kwanza ahesabu gharama, asije akachekwa na wapita njia. Sisi nasi tuketi.

Kwa hiyo nawaomba wote walioandikisha majina wasitoe hata senti moja kabla ya mkutano ujao. Tuchague watu watatu wenye kujua hesabu, na mmoja wao awe mzee anayekaribia kustaafu, maana fedha ni zake. Watafute hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, za kampuni zote mbili. Waandike ubaoni, mbele yetu sote, mistari mitano: hisa zote kwa bei ya sasa, madeni yote pamoja na pango, haki za wanaotangulia, fedha za ziada, na faida ya kazi. Watazame na riba. Kisha kila mtu ajionee mwenyewe kampuni nzima yauzwa mara ngapi ya faida yake, na aamue.

Kama baada ya hapo ndugu yetu wa karakana bado ana haki, nitakuwa wa kwanza kumpa mkono. Na kama hana, atakuwa ametufaa hata hivyo, kwa kuwa swali lake limetufundisha sote kupima behewa pamoja na mzigo.

Umoja ni nguvu.

Mhariri